Kazi Saba za Fadhiya

Alhamisi hiyo Fadhiya aliamka na mikono inayomwasha. Si kuwasha kwa upele, la. Ni kule kuwasha kwa mtu asiyejua ashike lipi aache lipi. Kabla chai haijachemka alikuwa ameshafuma mistari minne ya blanketi la mtoto wa dadake, akaliacha. Akachukua kitambaa cha kochi cha Mwalimu Rispah wa Kizingo, akakizungushia duara moja kwa kroshia, akakiacha nacho. Akaenda dirishani kutazama tuktuk iliyokuwa ikijaribu kurudi nyuma kichochoroni, na kabla haijafanikiwa akawa ameshachoka kuitazama.

Kazi zake zilikuwa saba, zimetundikwa kwenye misumari ukutani, kila moja na mfuko wake. Blanketi, na mtoto mwenyewe ameshaanza kutambaa. Vitambaa kumi na viwili vya Mwalimu Rispah, vinne ndivyo vilivyokuwa tayari. Shuka ya kitanda ya viraka mia na ishirini, ya bibi harusi mmoja wa Kibokoni ambaye harusi yake ilikwishapita na mimba imeshaingia. Shali ya mamake. Kofia za watoto wa shule. Mkoba ambao hata yeye hakukumbuka ni wa nani. Na ya saba, sweta la sufu la buluu iliyokoza, la Khubaib. Wako watu wanaoanza jambo wakalimaliza. Fadhiya alikuwa hodari sana wa kuanza.

"Fadhiya! We Fadhiya!" Sauti ya mamake, Bi Mwanatumu, ilipanda ngazi kabla ya mwenyewe. "Hilo sweta limekwisha?"

"Limebaki kidogo, mama."

"Kidogo chako nakijua miye." Bi Mwanatumu alitokea mlangoni, leso kiunoni, mkono umeshika ukuta kwa sababu ya magoti. "Bi Aida yuwaja na mwanawe saa nne kulipima. Saa hii ni saa mbili na nusu. Jumapili kijana apanda ndege kwenda kusoma, huko Kanada wasema barafu yafika magotini. Wataka aende na upande wa sweta?"

"Ni kushona ukosi tu."

"Haya, shona. Hebu waache hao wengine ukutani wapumzike. Mshika mbili moja humponyoka, na wewe mwenzetu umeshika saba."

Fadhiya alicheka kidogo, kicheko cha kumridhisha mzazi. Bi Mwanatumu hakucheka. Aliingia, akaketi ukingoni mwa kitanda, akateremsha sauti.

"Na kesho, baada ya swala ya Ijumaa, amu zako watakuja hapa kukuuliza. Wewe usijisumbue na maneno. Utakaa, utainamisha uso, utanyamaza. Kunyamaza kwa mwanamwali ndiyo ridhaa yake. Mimi nilinyamaza, mamangu alinyamaza, na sote tulikaa na waume zetu mpaka mauti."

"Na asiyetaka, mama? Yeye hufanya nini?"

Bi Mwanatumu alimtazama kwa jicho la kupima. "Asiyetaka yupi? Khubaib ana ila gani?"

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo: Khubaib hakuwa na ila. Mhandisi, mpole, asiyeinua sauti, mwana wa pekee wa Bi Aida. Na Bi Aida na Bi Mwanatumu walikuwa wamesoma chuo kimoja, wamehitimu msahafu siku moja, na kwa miaka arobaini hakuna aliyepika biriani bila kumpelekea mwenzake sahani. Posa ilipokuja wiki tatu nyuma, mama wawili walikumbatiana wakalia kama vile wao ndio wanaooana.

"Hana ila, mama," alisema Fadhiya.

"Basi shona ukosi."

Mamake aliposhuka, Fadhiya alishona ukosi, na kila alipovuta uzi alimfikiria Sabir.

Sabir alikuwa mfanyakazi wa chumba cha baridi huko Liwatoni, mahali samaki wanapogandishwa. Mwaka juzi alikuja mlangoni kuagiza kofia kumi za sufu, na Fadhiya akamcheka waziwazi. Nani avaaye sufu Mombasa? Sabir akamjibu taratibu, bila kukasirika, kwamba wako watu kumi mji huu ambao hutetemeka kutwa nzima wakati wengine wanajipepea, na yeye ni mmoja wao. Baada ya kofia, mwaka jana likaja sweta. Fadhiya alilifuma kwa siku kumi na moja, likaisha, na ndiyo kazi pekee aliyoimaliza mwaka mzima. Bi Mwanatumu aliuona wepesi huo wa mikono, akaanza kuuliza maswali. Majibu hayakumpendeza. Sabir alikuwa ameshaoa na kuacha, miezi tisa tu. "Mwanamume aliyeshindwa na nyumba miezi tisa," alisema mama, na mjadala ukaishia hapo.

Mara ya kwanza Sabir alipomuuliza, "Niwalete wazee?" Fadhiya alisema ngoja nimalize kazi ya Kizingo. Mara ya pili akasema ngoja blanketi liishe. Mara ya tatu akasema ngoja mama apone magoti. Ilikuwa wiki ya sita sasa, na Sabir hakuwa amepiga simu tena.

*

Saa nne ilipogonga Bi Aida alikuwa sebuleni, buibui lake linanukia udi, na kaimati tatu zimeshamshuka kooni.

"Sabalkheri, mwanangu. U hali gani?"

"Alhamdulillah, Bi Aida. Shikamoo."

"Marahaba, mwari wangu. Ndoo, mvishe mumeo mtarajiwa tumuone."

Khubaib alisimama katikati ya sebule, ameona haya, miwani yake mkononi. Alikuwa mtu wa kimo cha wastani, mabega membamba, vidole safi vya mtu wa kalamu. Fadhiya alimpa sweta bila kumgusa. Khubaib akaingiza kichwa, akaingiza mkono huu, akaingiza na huu.

Mikono yake haikutokea.

Alisubiri kidogo, kama mtu anayedhani labda hajafika mwisho. Kisha akainyanyua mikono yote miwili, na sufu ya buluu ikaning'inia shibri nzima kupita vidole. Mabega yalimwangukia karibu na viwiko. Kiunoni angeweza kuingia na ndugu yake, lau angekuwa naye.

Bi Aida aliangua kicheko. "Wallahi, Fadhiya! Umemfumia Khubaib au umefumia mlango?"

"Au tulikupa vipimo vibaya?" aliuliza Khubaib kwa upole. "Mama aliviandika kwenye karatasi."

Karatasi ilikuwepo. Fadhiya alikuwa ameibana kwa pini kwenye mfuko tangu siku ya kwanza. Ila kwa kurukaruka kutoka kazi hii hadi ile, kutoka kofia hadi shuka hadi sweta, hakuitazama hata mara moja. Alikuwa akifuma mpaka mkono wake uone inatosha, basi anasimama. Na mkono wake ulikuwa unamjua mwanamume mmoja tu.

Alimwona mamake akilitazama sweta. Bi Mwanatumu hakucheka. Macho yake yalipanda kutoka kwenye mikono iliyoning'inia hadi mabegani, kisha yakamgeukia bintiye, na yalikuwa macho ya mtu aliyeelewa. Lakini Bi Mwanatumu alikuwa mwanamke wa mji, na wanawake wa mji hawafi kwa jambo dogo.

"Huko Kanada watu hunenepa, Aida," alisema. "Atalijaza."

"Kunenepa sawa, na kurefuka je?" Bi Aida alizidi kucheka, akajifuta machozi. "Haidhuru, atapunguza. Hebu nionyeshe hiyo shuka ya viraka unayonisifia kila siku, niione kama na mimi nimuagize mkwe wangu."

Mama wawili wakaingia chumba cha ndani, ambamo Bi Mwanatumu alikuwa ameitandaza, mlango ukaachwa wazi kama ilivyo adabu. Fadhiya na Khubaib wakabaki sebuleni, sweta bado li mwilini mwa Khubaib.

"Livue nikufumulie," alisema Fadhiya haraka. "Mpaka Jumamosi litakuwa sawa. Nitakesha."

"Usilifumue." Khubaib alilivua polepole, akalikunja juu ya mapaja yake. "Ni kazi nzuri sana. Hakuna kitanzi kilichopotea. Mimi si fundi, lakini najua kitu kilichofanywa kwa makini na kitu kilichokosewa. Hiki hakikukosewa."

Fadhiya alihisi joto likimpanda shingoni.

"Umewahi kumfumia sweta mwanamume mwingine?"

"Ni kazi yangu, Khubaib. Nafumia watu."

"Wangapi uliowafumia sweta?"

Kutoka chumba cha ndani ilisikika sauti ya Bi Aida ikihesabu viraka. Fadhiya alitazama mikono yake mwenyewe, iliyokuwa imelala mapajani bila kazi, na hakupenda kuiona hivyo.

"Mmoja," alisema.

Khubaib aliitikia kwa kichwa taratibu. Kama aliumia, hakuonyesha, na pengine hilo ndilo lililomuumiza Fadhiya zaidi. Alivaa miwani yake, akayatazama kwa muda maua ya zulia.

"Sikiza. Mimi naondoka Jumapili. Mtu anayeondoka hasemwi sana. Nitamwambia mama nimebadili nia, nataka nisome kwanza. Atanigombeza, nitapanda ndege, yataisha. Wewe hutaulizwa kitu kesho, wala hutalazimika kusema."

"Kwa nini ufanye hivyo?"

"Kwa sababu sitaki kufika kule, nikae peke yangu kwenye baridi, nikijua niliyemwacha nyumbani ananisubiri kwa kunyamaza tu." Alisimama, akamwekea sweta mikononi. "Mpelekee mwenyewe."

Angeweza kusema neno hapo. Hata asante. Lakini mama wawili walikuwa wanarudi, Bi Aida akisifu, na Fadhiya akainamisha uso kama mwanamwali aliyefundwa.

*

Hakukaa. Walipoondoka tu alimwambia mamake anakwenda kununua uzi, akajitupa ndani ya tuktuk, na njia nzima hadi Liwatoni alikuwa akikunja sweta na kulikunjua. Moyo wake ulikuwa mwepesi kupita kiasi. Mambo yamejitengeneza! Hakuna aliyegombana, hakuna aliyelia, na yeye hakufungua mdomo. Mbona basi hakuweza kuliacha lile sweta likatulia?

Getini alimkuta Kalama, mwenzake Sabir, akinywa uji kwa kikombe cha bati, kofia ya sufu aliyofumiwa na Fadhiya imemkaa utosini katikati ya jua kali.

"Dada Fadhiya! Siku nyingi. Yuko ndani ya baridi. Nikuitie?"

"Niitie, tafadhali."

Mlango mnene ulifunguka, moshi wa baridi ukatoka kwanza, kisha Sabir. Na kama kawaida yake, hatua mbili nje ya mlango miwani yake ikaingia ukungu ikawa nyeupe pe. Fadhiya alikuwa akiupenda muda huu kuliko wote. Kwa nusu dakika nzima Sabir hakuweza kumwona, na yeye aliweza kumtazama apendavyo: ile mikono mirefu, lile sweta la kijivu lililopauka viwikoni, ule mdomo unaojizuia. Wiki sita. Amekonda, au ni yeye aliyesahau?

"Nani?" aliuliza Sabir, akifuta miwani kwa pindo la shati.

Fadhiya hakujibu mara moja.

"Najua ni wewe," alisema Sabir. "Watu wengine wakiulizwa huitika."

"Hata salamu, Sabir?"

"Assalam alaykum, Fadhiya." Alivaa miwani, akamwona, na uso wake ukalainika kabla hajauwahi. "Umefuata nini huku? Kesho si ndiyo siku yenu?"

"Nani kakwambia?"

"Mji huu mtu huambiwa? Mtu huvuta pumzi tu."

Walikaa juu ya makreti yaliyopinduliwa, kivulini mwa ukuta, palipokuwa na harufu ya samaki na dizeli. Fadhiya akalitoa sweta, akamweleza yote bila kupumua: karatasi iliyosahauliwa, mikono ya Khubaib iliyopotea ndani ya sufu, Bi Aida na mlango wake. Sabir alianza kwa kutabasamu upande mmoja wa mdomo. Fadhiya alipofika kwenye mabega, Sabir alicheka kabisa, kile kicheko chake kifupi cha ghafla, na Fadhiya akahisi kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

Sabir alilichukua sweta, akalinyoosha kifuani mwake. Lilimkaa. Mikono iliishia pale mikono yake ilipoishia, mabega yakashika mabega.

"Hujanipima tangu mwaka jana," alisema, sauti imeshuka.

"Sikuwa na haja."

Walitazamana. Kalama, pale getini, aligeukia barabara akaishughulikia kwa makini sana.

"Naye Khubaib alisemaje?" aliuliza Sabir.

"Ah, Khubaib ni mtu na nusu. Atamwambia mamake amebadili nia. Kesho siulizwi kitu. Yamekwisha, Sabir! Unaweza kuwaleta wazee, hata mwezi ujao, mambo yakitulia."

Sabir alilishusha sweta.

"Na wewe ulisema nini?"

"Mimi?"

"Ndiyo. Wewe. Katika maneno yote haya uliyonieleza, yako ni yapi?"

"Sikuwa na haja ya kusema. Yeye mwenyewe aliona."

"Aliona." Sabir alianza kulikunja sweta, akilinganisha mkono juu ya mkono. Alilikunja vizuri mno, na Fadhiya akaanza kuogopa. "Fadhiya, nikuulize. Unajua niliishije na mke wangu ile miezi tisa?"

"Watu husema ulimwacha."

"Nilimwacha, sikatai, talaka niliiandika kwa mkono huu. Lakini siku ile walipomuuliza kama ananitaka, alinyamaza. Wazee wakasema ndiyo hiyo ridhaa, wakapiga fatiha. Mimi nikafurahi kama mjinga. Miezi tisa, Fadhiya, mtu analala ukingoni mwa kitanda na hasemi. Napika naye, nacheka naye, nikitoka namsikia akishusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo. Nikimuuliza una nini, hasemi. Mpaka nikaona huyu simtesi ila kwa kumweka. Nikamfungulia mlango. Alilia akanishukuru, akaenda zake. Mji ukasema Sabir ameshindwa na nyumba."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia lini? Kila nikija kwako kuna kitu hakijaisha." Alimrudishia sweta. "Sitaki mwanamke mwingine aliyenifikia kwa kunyamaza. Hata akinipenda."

"Mimi nakupenda!" Lilimtoka kwa nguvu, hata Kalama akageuka. "Wataka nini zaidi? Nimekuja mchana kweupe, mbele za watu!"

"Umekuja kwangu. Kwangu ni rahisi, mimi nishakuwa wako zamani. Lakini umemwacha mtu mwema abebe uongo wako Jumapili mpaka Kanada, ili mamako asikukunjie uso. Kesho kutwa ukinichoka, nani atakusemea? Nitakisia mwenyewe tena?"

"Hiyo si haki, Sabir."

"Labda si haki." Alisimama. Macho yake yalikuwa mekundu, na safari hii hapakuwa na ukungu wa kuyaficha. "Mimi sikutishi, wala sikuwekei siku. Nasema tu kwamba sitakuja kuuliza mara ya nne."

Akaufungua mlango mnene, akaingia, ukafungwa. Fadhiya alibaki juu ya kreti na sweta mapajani. Alitaka kulia, akatamani hata kroshia moja na kipande cha uzi ashike kitu, akakosa. Kalama alimsogezea kikombe cha maji. Aliyanywa yote, akaondoka kwa miguu, na alitembea sana kabla ya kukumbuka kwamba kuna tuktuk.

*

Adhana ya alasiri ilikuwa imepita alipofika nyumbani. Chini ngazini alikuta viatu anavyovijua. Bi Aida amerudi.

Alipanda taratibu. Mlango wa sebule ulikuwa wazi kidogo, na sauti aliyoisikia haikuwa ya kicheko.

"Nisamehe, Mwanatumu. Nisamehe, mwenzangu. Nimeposa mwana wa watu, nimemtangaza mji mzima, kisha narudi nyuma. Khubaib ameniaibisha. Ati asoma kwanza! Nimemwambia, wewe mtoto, huna haya? Mwari wa watu atasemwa yeye, watauliza ameonekana na nini hata akaachwa!"

"Usilie, Aida. Riziki hiyo. Usilie."

Fadhiya alisimama ngazini. Kupitia upenyo aliuona mgongo wa Bi Aida ukitikisika ndani ya buibui, na mkono wa mamake ukiusugua. Ngazi za kwenda chumbani kwake zilikuwa pale pale kushoto. Hatua kumi na mbili. Angepanda, angelala, angesema kichwa kinamuuma, na kesho asubuhi Mombasa yote ingemhurumia. Khubaib alikuwa ameshalibeba. Kulitua sasa ni kumuumbua kijana, kumvua nguo mama yake mbele ya shoga yake, kuzivunja nyumba mbili kwa sentensi moja.

Mguu wake wa kushoto ulikuwa umeshapanda ngazi ya kwanza. Aliuona. Akaurudisha.

"Bi Aida," alisema mlangoni. "Si Khubaib."

Mama wawili waligeuka pamoja.

"Wasemaje, mwanangu?" Bi Aida alikuwa na machozi hadi kidevuni.

"Khubaib hakubadili nia. Mimi ndiye nisiyetaka. Aliniona asubuhi, akanihurumia, akasema atalibeba yeye. Nami nikamwacha alibebe. Nisamehe. Usimgombeze."

Bi Mwanatumu alikuwa amefumba macho, kama mtu anayesubiri kishindo ambacho ameshakisikia kikija.

"Khubaib wangu," alisema Bi Aida polepole, "hajanidanganya tangu nimzae. Kitu kidogo, kikubwa, hajanidanganya. Leo amekaa mbele yangu amenitazama machoni akanidanganya. Kwa ajili yako."

"Ndiyo."

"Na asubuhi ulikuwa hapa. Ulimvisha. Nilikuita mkwe wangu, ukainamisha uso. Hukuweza kusema?"

"Sikuweza."

"Na sasa umeweza?"

"Sasa nimeweza, Bi Aida." Safari hii hakuinamisha uso. "Nimechelewa. Najua."

Bi Aida alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. Alitafuta mkoba wake, kumbe ulikuwa karibu naye wakati wote. Aliposimama, Bi Mwanatumu alisimama pia, magoti yakimuuma, akamshika mkono.

"Aida. Kahawa iko tayari."

"Siinywi leo." Hakuuondoa mkono mara moja. "Nitakuja, Mwanatumu. Wewe ni wangu, nitakuja. Lakini si wiki hii, wala ijayo."

Alipita mbele ya Fadhiya bila kumtazama. Viatu vyake vilisikika ngazini, kimoja kimoja, kisha kichochoroni, kisha havikusikika.

Bi Mwanatumu alirudi kochini. Alilisukuma kando lile sinia la kahawa, vikombe viwili vilivyofunikwa.

"Ni yule wa Liwatoni," alisema.

"Ni yeye, mama."

"Yuwaja lini kuleta wazee?"

"Sijui kama yuwaja. Tumegombana leo."

Mamake aligeuza uso taratibu, akamtazama kana kwamba huyu ni mgeni aliyeingia na viatu.

"Miaka arobaini na Aida. Umenivunjia miaka arobaini kwa ajili ya mtu ambaye hujui kama yuwaja?"

"Hapana, mama. Nimekataa kuolewa na nisiyemtaka. Sabir ni neno jingine, naye ana haki yake ya kukataa."

"Na akikataa?"

"Atakuwa amekataa."

Bi Mwanatumu alikuwa na hasira, hilo halikufichika. Mkono wake ulikuwa ukiikunjakunja leso na kuikunjua. Lakini alimtazama bintiye muda mrefu kuliko hasira inavyohitaji, akitafuta kitu usoni mwake, na haikujulikana kama alikiona.

"Mimi niliponyamaza," alisema, "babako alikuwa mtu mwema. Nilibahatika. Sikujua kama nilibahatika mpaka alipokufa." Akasogea upande mmoja wa kochi, kwa shida, nafasi ikapatikana. "Funga huo mlango. Ukitaka kulia, lia ndani, jirani wasikusikie."

Fadhiya aliufunga mlango.